Barua ya wazi kwa wakuu wa Paris na London: sisi wenye nyumba Ufaransa si watalii

Kwa: Waheshimiwa mnaosimamia uhamiaji, viza na kodi, Paris
Nakala: Waheshimiwa mnaosimamia mambo ya nje na mipaka, London

YAH: SIKU 90, VIZA YA KILA MWAKA, NA BARUA ZINAZOTUMWA KWENYE NYUMBA TULIYOKATAZWA KUKAA

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote mnazostahili. Barua hii mwanzo niliwaandikia kwa Kiingereza, nikaituma tena kwa Kifaransa kilichosahihishwa na jirani yangu wa kule kijijini, mwalimu mstaafu, na majibu niliyopata ni yale ya kompyuta, "ombi lako limepokelewa", basi, kimya mpaka leo. Sasa naiweka hadharani, na naiweka kwa Kiswahili manake tuko wengi humu, watu wa Mombasa, Zanzibar, Dar, tulioishi Uingereza miaka na miaka mpaka tukashika pasipoti yao, na baadhi yetu tukanunua vijumba huko mashambani Ufaransa kwa bei ambayo London hupati hata gereji. Wao wasipojibu, angalau nyinyi wenzangu mtajua mambo yalivyo.

Mimi ni nesi mstaafu, makazi yangu Leicester. Mimi na marehemu mume wangu tulinunua nyumba ya mawe mkoa wa Creuse, katikati ya Ufaransa, kabla hiyo kura ya Brexit, ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, haijatajwa na mtu. Paa tumelibadilisha, fundi wa hapo hapo kijijini ndiye tuliyempa kazi, kodi inalipwa kila mwaka. Niseme mapema ili tusipotezeane muda: siombi uraia, siombi kukaa mwaka mzima, siombi senti ya mtu. Naomba mtu anayetozwa kodi kama mwenye nyumba aruhusiwe kuishughulikia nyumba yake kama mwenye nyumba. Malalamiko ni haya.

1. Hesabu ya siku 90

Tangu Januari 2021 sisi wa pasipoti ya Uingereza tunaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na hizo ni za eneo zima la Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya zilizofunguliana mipaka, si Ufaransa peke yake. Ukienda Uhispania wiki moja kumuona rafiki, hiyo wiki imekatwa kwenye siku za nyumba yako. Siku ya kuingia inahesabiwa nzima na ya kutoka inahesabiwa nzima, hata kama umeshuka feri Calais saa tano na nusu usiku. Na zile 180 si nusu ya kwanza ya kalenda na nusu ya pili, hapana, unasimama leo unahesabu kurudi nyuma siku 180, kesho unasimama tena unahesabu upya, yaani hesabu inasogea kila kukicha na ndiyo maana watu wazima wenye digrii zao wanakaa na karatasi na kalamu usiku wanagombana.

Chukua mfano. Mtu ameingia Machi 1 ili apande mboga zake, akatoka Mei 29. Siku 90 zimekwisha. Harudi mpaka Agosti 28. Juni, Julai, na Agosti karibu yote, miezi ambayo ndiyo hasa mtu ananunulia nyumba Ufaransa, hana ruhusa ya kulala kitandani kwake. Nyanya alizopanda anachuma jirani (jirani yangu mimi ana adabu, hunitengenezea chupa za sosi akaniwekea, lakini si wote).

Wenzangu mnaosoma, mle kwenye magrupu kuna watu wanaambiana ukitoka ukalala Dover usiku mmoja ukarudi hesabu inaanza upya. Haianzi upya. Acheni kudanganyana. Kikokotoo cha Tume ya Ulaya kipo mtandaoni, weka tarehe zako mle kabla hujakata tiketi.

Zamani kulikuwa na mihuri, na muhuri ukififia ofisa anakuangalia, anaangalia nyumba uliyoandika, anakupitisha. Kuanzia 12 Oktoba 2025 mmeleta mfumo wa EES wa kuandikisha wageni wanaoingia na kutoka, picha ya uso na alama za vidole, kompyuta inahesabu, na ratiba yenu wenyewe ilisema ikifika 10 Aprili 2026 mipaka yote iwe inautumia. Sina ugomvi na kompyuta. Ila mimi nilipita na viza ya muda mrefu imebandikwa kwenye pasipoti, na mwenye viza hiyo hatakiwi kuingizwa kwenye EES kabisa, kijana wa kwenye kibanda akanisimamisha mbele ya mashine kama wengine wote. Nikamuonyesha ukurasa wa viza. Akasema bandari nzima wanafanya hivyo. Sasa kompyuta ikija kunihesabia siku ambazo hazitakiwi kuhesabiwa, nani atazifuta, na nimwandikie nani, waheshimiwa, kwa anwani gani?

2. Viza yenyewe

Mnatuambia, kama 90 hazikutoshi omba viza. Sawa, ipo, ile ya muda mrefu ya miezi minne mpaka sita, ada yake yuro 99, na siku unazokaa kwa viza hiyo haziingii kwenye zile 90. Ni viza nzuri wallahi, sisemi vibaya. Tatizo ni kwamba kila mwaka mtu anaanza sifuri. Huwezi kuiongeza ukiwa Ufaransa, na huwezi kuiomba mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo anayetaka kuingia Aprili anakesha na kompyuta Januari akitafuta miadi. Miadi yenyewe ni London, Manchester au Edinburgh, basi. Mtu wa Cornwall au wa kijiji cha Wales anapanda treni, analala hoteli, ili akatoe alama za vidole zile zile alizotoa mwaka jana.

Halafu makaratasi. Hati ya nyumba, taarifa za benki, bima ya afya, barua ya kuahidi kwamba hutafanya kazi. Mimi sheria za viza sikuzijua jana, nimezaliwa Mombasa, nimepanga foleni za ubalozi kabla wengi wa majirani zangu Waingereza hawajajua kwamba duniani kuna kitu kinaitwa kunyimwa viza. Wenzangu hawa walipoanza kulia mwaka 2021 nilicheka kidogo moyoni, sitaficha. Lakini hata sisi wazoefu kuna mahali tunakwama, na mahali penyewe ni majina. Kwenye pasipoti mimi nina jina la mume. Kwa notari, yule mwanasheria anayeandika hati za nyumba, Ufaransa mwanamke anaandikwa kwa jina alilozaliwa nalo, sasa kwetu hilo ni jina langu, la baba na la babu, na notari akaamua la babu ndilo la ukoo, akaliandika kwa herufi za Kifaransa. Kwenye dirisha la viza binti mmoja mpole sana akaniambia hati ya nyumba ni ya mtu mwingine. Nikatoa cheti cha ndoa, cha Mombasa, cha mwaka ambao yeye hajazaliwa. Akataka tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Faili likarudi Leicester.

Wenzangu, kama majina yenu yana sura mbili, nendeni kwa notari mapema awaandikie cheti kwamba fulani na fulani ni mtu mmoja, mkiweke pamoja na hati. Mimi kimenisaidia. Lakini mbona halijaandikwa popote kwenye orodha yenu, waheshimiwa?

3. Barua za rejista

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, manake hili halina uhusiano na siasa za Brexit wala hasira za mtu.

Sheria inanikataza kuwa kwenye nyumba yangu sehemu kubwa ya mwaka. Sawa. Sasa hebu tuangalie mnaniandikia wapi. Ofisi ikiwa na jambo zito inatuma barua ya rejista kwenye nyumba ile ile. Mtu wa posta anakuja, anagonga, hakuna mtu, anaacha kikaratasi kwenye sanduku. Barua inakaa posta siku 15, siku ya 16 inarudishwa ilikotoka, na kwa ofisi zenu nyingi hiyo ni sawa na kwamba nimearifiwa na nimekaa kimya. Kikaratasi kile nilikikuta kimelowa mvua kimegandana na matangazo ya supamaketi, tarehe imeshapita zamani, na haikuandikwa hata barua ilitoka kwa nani. Nikazunguka ofisi baada ya ofisi nikiuliza, jamani, ni nyinyi mlioniandikia? Kila mmoja anasema labda wenzetu.

Ikaja kujulikana ni wakaguzi wa septiki. Kwa msiojua, nyumba nyingi za shamba hazina mfereji wa maji machafu wa umma, zina tangi lake, na halmashauri ina haki ya kulikagua. Walipanga siku, hawakunikuta, wakaandika kwamba nimezuia ukaguzi, na anayezuia ukaguzi sheria inaruhusu atozwe ada ya ukaguzi ikiwa imepandishwa mara kadhaa. Nimezuia! Mimi niko Leicester nasubiri siku zangu zirudi.

Anwani yangu ya Leicester mnayo. Bili ya kodi inaijua. Imeili yangu mnayo. Kwenye ukurasa wangu wa kodi wa mtandaoni kuna mpaka namba ya simu. Kwani ni kazi kubwa kiasi gani kutuma nakala moja kwa imeili, "bibi, tunakuja kuona tangi lako tarehe fulani, ukiwa haupo mpe jirani ufunguo"? Nilimuuliza meya wa kijiji chetu, mzee mwenye subira, akainua mabega, akaniambia yeye mwenyewe barua za mkoa zinampita.

4. Kodi

Kulipa siogopi. Vuli inakuja ile taxe foncière ya mwenye jengo, Desemba inakuja taxe d'habitation, ambayo tangu 2023 Wafaransa kwenye makazi yao ya kudumu hawalipi tena, imebaki kwetu sisi wa nyumba ya pili, wageni na Wafaransa sawa. Na miji yenye uhaba wa nyumba inaruhusiwa kuongeza asilimia 5 mpaka 60 kwenye sehemu yake. Haya, ni sheria ya nchi yenu.

Nachosema ni ile fomu ya mtandaoni ya 2023 ya kutaja nani anakaa kwenye nyumba, ambayo usipojaza faini ni yuro 150 kwa kila jengo. Ili uijaze uwe na namba ya kodi, na kuna wajane na warithi ambao namba ilikuwa ya marehemu. Nilipofungua ukurasa wangu nikakuta banda la kuku limeandikwa peke yake kana kwamba ni makazi. Banda halina hata mlango. Nikaandika, nikaambatanisha picha, kuku na yeye akaonekana. Mwaka ukapita ndipo likafutwa, na kwa kweli yule mama wa simu aliyelifuta alikuwa mzuri, alicheka mpaka nikacheka. Kwa hiyo ukimpata mtu, mambo yanaisha. Mpatikane basi.

Wenzangu: fomu hiyo si ya kila mwaka, unaijaza tena tu mambo yakibadilika, kabla ya Julai. Mume akifa, hayo ni mabadiliko.

5. Nyumba ikikaa tupu

Hili fupi. Creuse baridi inaganda, mabomba yanapasuka. Bima nyingi zina kifungu kwamba nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku kadhaa ulinzi wa wizi unapungua au unakufa, kasomeni mikataba yenu leo si kesho, na kabla ya kuondoka funga koki kuu ya maji na mwaga yote yaliyobaki kwenye mabomba. Wavamizi wa nyumba nao wapo, ingawa hapo nawapongeza, sheria ya 27 Julai 2023 imepandisha adhabu mpaka kifungo cha miaka mitatu na faini ya yuro 45,000. Ila mlinzi wa kwanza wa nyumba ni mwenyewe kuwemo.

6. Na nyinyi wa London

Msijifiche nyuma ya Paris. Mfaransa mwenye nyumba Cornwall anakaa miezi sita mfululizo bila viza, tangu 2 Aprili 2025 anahitaji tu kile kibali cha ETA cha kuomba kwa simu. Mlishindwaje kuwaombea watu wenu hivyo hivyo? 19 Mei 2025 mlikaa na Umoja wa Ulaya hapo London, mkazungumza samaki, mkazungumza mageti ya elektroniki ya kukagua pasipoti, mkazungumza pasipoti za mbwa na paka. Sisi hatukutajwa. Paka wangu alitajwa! Mimi sipingi, cheti chake cha daktari wa mifugo kinanitoka pesa upya kila safari ninayoanzia Uingereza, lakini jamani.

Na sambusa. Kwenda Ufaransa huruhusiwi kupeleka nyama wala maziwa tangu 2021, na tangu Aprili 2025 nyinyi nanyi mmezuia watu kurudi na nyama na jibini kutoka Ulaya kwa sababu ya ugonjwa wa mifugo. Nimeelewa sababu. Tangazo lenyewe bandarini lilikuwa karatasi moja imebandikwa chooni.

Najua mtakachonijibu, waheshimiwa, manake nimeshasikia yote.

Mtasema, mlijitoa wenyewe. Kura ya 23 Juni 2016 ilikuwa asilimia 51.9 kwa 48.1, nusu ya nchi haikujitoa. Waingereza waliokuwa wameishi nje zaidi ya miaka 15, wakiwemo wa Ufaransa, hawakuruhusiwa hata kupiga kura. Wakenya na Watanzania wakazi wa Uingereza waliruhusiwa, kwa vile ni Commonwealth, na wengine walipigia kujitoa wakidhani ndugu zao watapata nafasi zaidi ya kuingia. Hayo ni yao na nafsi zao.

Mtasema, tulijaribu. Kweli. Seneta wa Savoie, Bi. Martine Berthet, alipeleka pendekezo kwamba Mwingereza mwenye nyumba apewe viza ya muda mrefu moja kwa moja, likaingia kwenye sheria ya uhamiaji Desemba 2023, na 25 Januari 2024 Baraza la Katiba likalifuta pamoja na vifungu vingine chungu nzima kwa sababu havikuhusiana na muswada ulioanza nao. Kwa hiyo lililokataliwa ni njia iliyotumika. Njia nyingine ipo, pelekeni muswada wake peke yake. Na hapa naachana kidogo na Waingereza wenzangu: sikulipenda lile pendekezo lilivyoandikwa. Binamu yangu wa pasipoti ya Kenya hata hizo siku 90 hapati bila viza. Mkitunga sheria itungeni kwa mwenye nyumba, awe Mwingereza, Mkenya au Mmarekani, alipe kodi yake, aonyeshe pesa zake za kula, apewe.

Mtasema, nyumba za pili zinawafukuza vijana wa Kifaransa. Kwa Bretagne, kwa nchi ya Wabaski, kwa milima ya Alps, hoja hiyo ni nzito na siibishi hata kidogo. Creuse ina watu kama 115,000 mkoa mzima, kijijini kwetu nyumba zenye madirisha yaliyofungwa ni nyingi kuliko zenye moshi. Yetu ilikuwa imekaa tupu muda mrefu tulipoinunua. Hatukumfukuza mtu, tulifukuza popo.

Na mtasema, basi hamia kabisa. Wajukuu wangu wako Leicester, daktari wangu wa moyo yuko Leicester, kaburi la mume wangu liko Leicester. Nikipita nusu mwaka Ufaransa kodi na afya na kila kitu kinageuka. Nataka miezi mitano, kuanzia Aprili mpaka zabibu zivunwe.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ninachoomba.

Paris: viza ya mwenye nyumba ya miaka mitano, ya kuingia na kutoka, isiyozidi miezi sita kila mwaka, yenye alama za vidole zinazochukuliwa mara moja. Wakati hiyo haijaja, anayeomba viza ile ile kwa nyumba ile ile mwaka wa pili aruhusiwe kutuma makaratasi mtandaoni bila kwenda dirishani. Barua ya rejista inayokwenda kwenye nyumba ya pili iende na nakala ya imeili na nakala ya anwani ya nje, na siku zianze kuhesabiwa hapo. Maofisa wa vibanda waelezwe nani haingizwi EES, na kuwe na mtu mmoja mwenye jina wa kurekebisha makosa ya hesabu. Orodha ya viza itaje suala la majina ya wanawake walioolewa.

London: lifikisheni hili kwenye kikao kijacho na Umoja wa Ulaya, mlitaje kwa jina lake, na mtuambie mmejibiwa nini. Hata mkijibiwa hapana, tuambieni.

Nakala za barua zote, vikaratasi vya posta na ile picha ya kuku ninazo, nitaleta popote nitakapoitwa, mradi isiwe Ufaransa kati ya Mei 29 na Agosti 28.

Wenu kwa heshima,

Nesi mstaafu, mlipa kodi wa nchi mbili
Leicester na Creuse